Anayemimina Ndiye Anayeonja

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba nimemlisha mtu sumu. Naomba hilo lieleweke tangu mwanzo, maana ndilo linalonikera kuliko yote. Laiti mmoja tu angesimama mbele ya lango langu akapiga kelele na kuniita muuaji, ningejua pa kuanzia. Ningeapa, ningelia, ningemrushia hata kandambili. Lakini watu wa mtaa wetu wa Mutanga Sud, hapa Burundi, ni watu wa adabu. Wanakusalimia kwa mikono miwili, wanakuuliza hali ya presha yako ya damu, halafu wanakataa maji yako.

Nimekaa mtaa huu miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo nimepata rafiki mmoja. Wengine ni majirani tu, tunajuana kwa rangi za malango. Huyu mmoja anakaa ng'ambo ya barabara, tunatazamana. Nimemzidi umri kwa miaka kumi hivi, ndiyo maana ananiita dada. Anafanya kazi serikalini, ni Mkristo wa kusali Jumapili na Jumatano. Mimi ni Mwislamu wa mtaa wa Bwiza, mwalimu wa jiografia niliyestaafu, mwanamke mwenye mdomo. Hatukufanana kwa lolote, lakini mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyelala nami chini kwenye mkeka siku zote za matanga. Yeye ndiye aliyegundua, bila kuambiwa, kwamba siwezi kula mbele ya waombolezaji. Alikuwa akiniita stoo kama anaulizia sufuria, anafunga mlango, ananipa mkate na chai, anangoja nimalize.

Baada ya matanga nikampa ufunguo wa pili wa lango langu. Naishi peke yangu, damu yangu hupanda bila taarifa, na wanangu wawili wako nchi za mbali. Ufunguo ule ulikuwa na maana moja tu, na sote wawili tuliijua: nikianguka, wewe ndiye utakayeingia.

Sasa niseme habari ya mama yangu, maana bila yeye hamtaelewa ujinga nilioufanya.

Mama alikuwa na duka dogo la vitambaa Bwiza, na nyumba yetu ilikuwa nyuma ya duka. Mteja akinunua mita mbili za kitenge, alijikuta ameketi kwetu anakunywa kitu. Na kwa mama hakuna mgeni aliyepewa kinywaji hivi hivi. Fanta ilifunguliwa mbele ya macho ya mgeni, kizibo kikilia. Ikiwa ni chai au maji ya ndimu ya kwenye jagi, mama alijimiminia yeye kwanza, funda moja au mbili, akanywa, kisha akammiminia mgeni kutoka jagi lile lile. Hakusema kwamba anaonja. Aliendelea na maneno yake kuhusu bei za vitambaa na ndoa za watu, huku mkono unafanya kazi yake.

Siku moja, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nilitaka kuonyesha kwamba nimekua. Nilifungua fanta mbili jikoni, nikazileta ziko wazi, zinatoa povu, juu ya sinia. Wageni walikuwa mke na mume kutoka Ruziba, watu wa samaki, marafiki wa siku nyingi. Wakasema asante sana mtoto mzuri, na wakaziacha mezani. Mama akacheka nao, akavuta chupa zote mbili upande wake, akanywa kidogo hii, kidogo ile, akasema kiu inamwua, kisha akaagiza nyingine mbili dukani. Walipoondoka alinifinya sikio mpaka nikaona nyota.

"Kwani wanafikiri tutawaua?" nikamuuliza huku nalia.

"Apana," mama akasema. "Hawafikirie kitu. Lakini kila mutu iko na woga ndani yake, hata kama anakupenda. Sasa ule woga, nani ataubeba? Ukionja, we ndiye unaubeba. Usipoonja, unamuachia yeye. Anayemimina ndiye anayeonja. Usimuachie mugeni kazi ya kukuamini. Hiyo kazi ni yako."

Nilichoshika siku ile ni sikio langu. Maneno niliyaweka pamoja na mambo mengine ya watu wa zamani, watu walioogopa hata kupigwa picha.

Halafu nikaolewa na mhadhiri wa chuo kikuu, baada ya miaka tukahamia huku Mutanga Sud karibu na kampasi, na nikaanza kuwatazama wake za wenzake. Kwao mgeni aliketi sebuleni kwenye makochi, kinywaji kikaandaliwa jikoni, kikaletwa kwenye glasi ndefu zilizopangwa juu ya sinia, kila glasi na kitambaa chake cha karatasi. Mwenye nyumba aliyenyanyua jagi na kunywa mbele ya wageni angeonekana mshamba. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe. Nilinunua glasi kumi na mbili na mashine ya kusagia matunda, na nilijisikia nimeendelea kweli kweli. Miaka mingi haikuleta neno, kwa kuwa rafiki yangu alikunywa. Alikunywa juisi zangu zote, nzuri na chachu, akadai na nyingine.

Basi ikafika Idi ya mwaka jana. Kila Idi yeye na mumewe huja kwangu, na kila Noeli mimi huenda kwao. Safari hii walikuja na mama mkwe wake, mzee aliyeshuka kutoka milimani kuwatembelea, mama mnyoofu asiyesema ila Kirundi. Nilikuwa nimesaga marakuja, yale matunda ya pasheni, na nanasi tangu asubuhi. Nikamimina glasi tatu jikoni, nikazileta kwa sinia, vitambaa vya karatasi vimekunjwa pembe tatu. Glasi yangu haikuwepo. Daktari amenikataza sukari, na juisi ile niliitia sukari ya kutosha harusi.

Yule mama mzee aliitazama glasi, kisha akanitazama mimi. Akaweka kiganja juu ya glasi na kuendelea kunitazama, kwa upole kabisa. Leo najua alikuwa ananingoja. Alikuwa ananipa nafasi. Na mimi, punda niliyevaa gauni jipya la Idi, nikasema, "Kunyweni, kunyweni, ni matunda matupu!"

Rafiki yangu alikuwa ameshainua glasi yake. Nililiona jicho la mama mkwe likimpata pale mkono ulipokuwa nusu njia. Mkono ukashuka.

"Acha kwanza, dada," akasema. "Nitakunywa baadaye."

Mumewe, mtu mwema asiyependa aibu ya mtu yeyote, akanywa yake kwa mara moja, akavuta na ya mkewe akainywa pia, akaisifu. Glasi ya mama mzee ikabaki mezani mpaka barafu ikaisha. Walipoondoka nikaimwaga kwenye sinki na kunung'unika kuhusu watu wa milimani.

Kesho yake mchana mume yule alitapika damu.

Walimlaza hospitali siku nne. Nilikwenda kila siku, nusu ya njia kwa miguu kwa kuwa mafuta yalikuwa hayapatikani na magari yote yamelala kwenye foleni. Siku ya kwanza nilibeba sufuria ndogo ya supu, nimeifunga kwa kitambaa na kupiga fundo langu la siku zote, la mara mbili, alilonifundisha mama. Rafiki yangu akaipokea, akashukuru, akanikumbatia. Siku ya pili nikaiona sufuria yangu kwenye kizingiti cha dirisha. Fundo lilikuwa lile lile. Nilikaa pale nusu saa nikiuliza habari za usingizi na vipimo, macho yangu yakirudi kwenye fundo kila mara, na yeye akiona yanakorudi.

Siku ya tatu daktari alipata jibu, na aliyenieleza jibu hilo ni rafiki yangu mwenyewe, kwa mdomo wake. Mumewe alikuwa na kidonda tumboni. Miezi miwili alikuwa anameza vidonge vikali vya maumivu ya mgongo bila kula, kwa siri, ili mkewe asimlazimishe kwenda kupimwa. Kidonda kilikuwepo kabla ya Idi, kabla hata ya mfungo. Juisi haikuwa na hatia, labda uchachu wake tu. Nikasema Alhamdulillahi, nikadhani yamekwisha.

Hapo ndipo yalipoanza.

Alikuja kwangu wiki mbili baadaye na chupa ya maji ndani ya mkoba, imefungwa bado. Nilipoinuka kwenda jikoni akaitoa, akaipasua kizibo, akasema, "Usisumbuke, dada, niko na yangu." Mara nyingine alikuwa ametoka kunywa sasa hivi. Mara nyingine alikuwa amefunga kwa maombi. Mara nyingine alisimama tu langoni, hakuingia, ana haraka. Kisha siku moja msichana wake wa kazi akaniletea bahasha. Ndani mlikuwa na ufunguo wa lango langu na kikaratasi: usije ukapotea kwangu, dada, watoto wanachezea vitu. Mtoto wake mdogo kabisa yuko mwaka wa pili wa chuo kikuu.

Niliuweka ule ufunguo juu ya meza ya chakula na kuutazama mpaka chai yangu ikapoa. Nimewahi kufiwa na mume na sikusikia baridi ya namna ile mgongoni.

Mtaa nao haukulala. Tuna kundi la simu la majirani, ambamo kila asubuhi kuna mtu anatuma picha ya maua na maneno mazuri. Umubanyi niwe muryango, wanaandika, jirani ndiye ukoo wako. Wiki ile ile mwenzetu mmoja akatuma sauti ndefu ya mtu asiyejulikana, akituonya tuwe waangalifu tunakula wapi na tunakunywa kwa nani, kwa kuwa dunia imeharibika. Watu kumi na wawili wakaweka dole gumba. Nilihesabu. Rafiki yangu hakuweka, lakini hakusema kitu pia. Kesho yake yakaja maua.

Nilimvizia barabarani akitoka kazini, nikamshika mkono. "Mdogo wangu, kuna tatizo?"

"Nta kibazo, dada."

"Kuna mtu kakwambia neno?"

"Nta kibazo kabisa. Ni kazi tu, siku hizi inatuua."

Nta kibazo, hakuna shida. Kama kuna maneno mawili ningeyachimbia kaburi katika nchi hii ni hayo. Mtu ananyang'anywa kiwanja, nta kibazo. Ndugu hawajasalimiana tangu urithi ugawanywe, nta kibazo. Tumeyageuza kuwa kifuniko cha sufuria, tunafunika, tunakalia juu, na tunashangaa harufu inatoka wapi. Nilitaka kumtikisa. Nilitaka aseme, nilikuogopa, au mama mkwe wangu anasema hivi, au watu wanasema hivi, tupigane, tulie, yaishe. Badala yake alinitabasamia kwa heshima zote na kuvuka barabara.

Nikaamua kufuata njia ya wazee. Katika Burundi tuna bashingantahe, watu waliokubaliwa na jamii kuamua ugomvi na kupatanisha. Nikampigia simu mmoja wa eneo letu, baba mnene mwenye simu mbili, na akaja mwenyewe Jumapili alasiri. Akaketi. Nikamuuliza atakunywa nini. Akasema fanta, lakini niilete na kifungulio chake. Nikaileta. Akaipokea, akaigeuza kichwa chini kuangalia kizibo, akaipangusa, akaifungua kwa mkono wake mwenyewe.

"Hata wewe, baba?" nikasema.

"Mi sina neno na wewe, mama. Ni mila tu. Sasa niambie, nani anakushitaki?"

"Hakuna anayenishitaki. Ndiyo shida yenyewe."

"Kama hakuna mushitaki, hakuna maneno." Simu moja ikalia, akaizima, ya pili ikalia. "Zamani ingekuwa rahisi. Tungeleta mutungi moja ya pombe, ama kwenu nyinyi Waislamu maji ya ndimu, munakunywa pamoja, yamekwisha. Leo kila mutu anakuja na chupa yake. Mi nitawapatanisha na nini?"

Akamaliza fanta, akaniombea baraka, akaondoka. Nilibaki na chupa tupu na hasira mpya juu ya ile ya zamani.

Ndipo nikateremka Bwiza kwa kaka yangu, nikitafuta mtu wa kukasirika pamoja nami. Yeye ni fundi wa magari, gereji yake iko hatua chache tu kutoka lilipokuwa duka la mama. Siku zile hazikuwa na kazi, magari bila mafuta hayaharibiki. Alinikalisha kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, akanipa chai, nikamwaga yote: juisi, hospitali, fundo, ufunguo. Nilitegemea atukane wenyeji wote wa Mutanga Sud mmoja mmoja. Kaka yangu ana kipaji hicho.

"Ulimimina wapi?" akauliza.

"Jikoni."

"Na we ulikunywa?"

"Nina sukari, unajua."

Akafuta mikono yake kwa kitambaa cha grisi, taratibu. "Basi, dada, hapa kosa ni ya kwako. Yule muzee alikungoja, we ukamuambia ni matunda. Nani alikuuliza ni matunda? Mama angekufinya."

"Nina miaka hamsini na tisa!"

"Angekufinya tu."

Nikainuka, nikamwachia chai yake nusu, nikaondoka bila kuaga vizuri. Njiani ndipo nilipokumbuka kwamba ile chai aliichota kijiko kimoja akaonja kabla ya kunipa. Alifanya hivyo akiwa anaongea na mteja, na sikuona ajabu yoyote. Niliinywa bila kuwaza.

Nilielewa, lakini sikutaka kuelewa. Kiburi changu kilikuwa na hoja zake, na mpaka leo nadhani baadhi zilikuwa hoja nzuri. Kwa nini asiye na hatia ajisafishe? Ina maana gani kulala mkeka mmoja, kulia machozi ya aina moja, kama baada ya hapo bado naambiwa nionje kama mpishi wa mfalme? Urafiki gani huo unaohitaji ushahidi kila unapoweka kikombe mezani? Nikaapa sitavuka ile barabara. Noeli ikafika, sikuenda. Idi ikafika, hakuja. Miezi kumi na minne tulisalimiana kwa kupungiana mikono, hatua ishirini kati ya lango na lango, na kila jioni nilisikia gari lake likiingia na nikajua amefika salama. Nilimkosa. Sisemi kwa kuzunguka: nilimkosa kila siku, na kila siku nilimkasirikia kwa kumkosa.

Mvua za mwaka huu zikaniletea malaria. Siku ya tatu nilikuwa kitandani, mwanamke anayenifulia nguo alikuwa ameondoka na kuacha lango wazi, ningemfukuza kama ningeweza kusimama. Mchana nikasikia hatua ukumbini. Rafiki yangu akaingia chumbani na chupa ya chai, ile kubwa ya maua mekundu ninayoijua, ya kwake.

"Nimesikia kwa mufuaji," akasema. "Dada, mbona hukuniita?"

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Akafungua chupa, akamimina uji wa mtama kwenye kikombe, mvuke ukapanda, akaniinulia mto. "Kunywa ikiwa moto."

Nikapokea kikombe na kukitazama.

Ningependa kusema ilikuwa homa. Homa ilikuwepo, lakini akili yangu ilikuwa safi kama meza iliyofutwa. Niliwaza: kwa nini leo? Miezi kumi na minne, kwa nini leo, niko peke yangu, siwezi kusimama, na uji umepikwa kwake jikoni, mbali na macho yangu? Yeye ambaye angeweza kuniua mara mia kwenye matanga, ndani ya stoo, mlango umefungwa. Niliyawaza hayo, na nikausikia mdomo wangu ukisema:

"Acha kwanza. Nitakunywa baadaye."

Aliyajua maneno yale. Niliona yanavyompiga. Yalikuwa yake mwenyewe: alikuwa ameyasema yeye, kwenye kochi langu, kwa sauti hiyo hiyo. Alinitazama kidogo, akakichukua kikombe mkononi mwangu, akakifunika kwa kisahani, akakiweka kwenye stuli.

"Sawa, dada," akasema. "Nta kibazo."

Lango lilipofungwa nikakaa kitandani. Jua lilipofika ukutani nikakivuta kikombe. Uji ulikuwa umepoa, umefanya utando. Niliunywa. Nikamimina mwingine nikaunywa, nikamaliza chupa nzima, mpaka tumbo likauma kwa kushiba. Nilikuwa nimemwamini tayari, kikamilifu, na haikuwa na faida yoyote kwa mtu yeyote, maana hakuna aliyeniona. Mama alikuwa amesema kila mtu ana woga ndani yake, hata akikupenda. Mimi nikadhani woga ni wa wazee wa milimani. Niliitupa ile desturi ya kuonja kwa kuwa ilinitia haya mbele ya wake za wahadhiri, na woga nikauacha ndani ya nyumba, unakaa kwenye makochi na wageni. Hilo ndilo tulilofanya wengi wetu wenye malango marefu, na tunaliita ustaarabu.

Chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Hilo angalau sijalisahau. Jumamosi iliyofuata nikachemsha maziwa, tangawizi na majani ya chai, bila sukari ili nami niweze kunywa, nikajaza ile chupa ya maua mekundu. Nikachukua vikombe viwili. Ningeweza kungoja jioni, barabara ikiwa tupu, na kiburi kilinishauri hivyo. Nilivuka saa nne na nusu, pale pale watu wanaporudi kutoka kazi za Jumamosi za mtaa, majembe begani, nusu ya lile kundi la simu wakiwa wamesimama barabarani wanapiga gumzo. Aliyetuma ile sauti alikuwepo. Mfukoni nilikuwa na ufunguo.

Rafiki yangu alikuwa langoni kwake, viatu vina tope. Mumewe alikuwa nyuma yake, amenenepa, anakula vizuri siku hizi. Sikumsalimia mtu. Nilisimama mbele ya rafiki yangu, nikafungua chupa, nikajimiminia kikombe, nikanywa. Sikunywa funda moja. Nilikinywa chote, moto unaniunguza ulimi, mbele ya majembe yote yale, na gumzo likakatika. Kisha nikakijaza kikombe cha pili na kumnyooshea.

Hakukipokea. Alikichukua kile cha kwanza, nilichokinywea mimi, akanyoosha mkono nikamjazia, akakinywa mpaka chini. Akafuta mdomo.

"Mi sikukuogopa hata siku moja, dada," akasema taratibu, mimi tu nisikie. "Niliogopa hawa waniulize kwa nini sikuogopi."

Mtu mwema angelia na kumkumbatia. Mimi nilitaka kummwagia ile chai iliyobaki. Miezi kumi na minne! Noeli moja na Idi moja, fundo langu kwenye dirisha la hospitali, bahasha, watoto wa chuo kikuu wanaochezea vitu, yote hayo kwa ajili ya hawa wenye majembe na madole gumba! Nilifungua mdomo nimwambie, na kilichonijia mbele ya macho ni glasi zangu kumi na mbili, ambazo nazo sikuzinunua kwa sababu ya kiu.

"Ufunguo uko wapi?" akauliza.

Nikautoa mfukoni na kumwekea kiganjani, kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimekasirika, na mpaka leo ninapoandika haya bado nimekasirika. Lakini nikianguka, yeye ndiye atakayeingia.